Maisha ya Samuel Kamau Wanjiru

Nyumbani kwetu kuna mgonjwa ambaye watu wengi wanakataa kwamba ni mgonjwa, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu hii. Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitwambia kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani, aandike maisha yake. Wenzangu wakamkimbilia Shaaban Robert na Wangari Maathai, na wawili karibu wakosane kwa sababu ya Elijah Masinde. Mimi nikasema nitamwandika Samuel Kamau Wanjiru, yule wa marathoni. Darasa zima likacheka. Ati huyo ni wa kuandikwa wapi, si alikuwa mlevi tu? Sikujibu. Niliona jibu langu litahitaji kurasa kadhaa.

Picha ya Wanjiru naijua tangu utotoni. Kakangu aliikata kutoka gazeti la zamani ambalo baba alikuwa amelitunza, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake hapa Kitale. Chini yake akaandika kwa makaa: 2:06:32. Yaani saa mbili, dakika sita na sekunde thelathini na mbili. Nambari hiyo niliijua kabla sijajua kuzidisha kwa saba. Kakangu mwenyewe alikuwa mkimbiaji, na ameniruhusu nieleze habari zake humu mradi nisimtaje jina. Basi sitamtaja.

Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986 katika mji wa Nyahururu, kule kwenye baridi na maporomoko ya maji ya Thomson. Alilelewa na mamake, Hannah Wanjiru, na jina la mama ndilo alilolibeba mpaka duniani kote wakalijua. Walikuwa watu maskini. Karo ilikosekana na masomo yake yakakatika. Miguu lakini haiulizi karo, naye alikuwa ameanza kukimbia akiwa na miaka minane hivi.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipata nafasi ya kwenda kusoma Japani, katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Hebu msomaji jiweke hapo. Miaka 15 ni mdogo kuliko mimi ninayeandika. Mimi nikienda kwa kukhu Bungoma wiki mbili tu, siku ya tatu naanza kutamani kitanda changu. Yeye alivuka bahari, akakuta lugha asiyoijua neno, chakula asichokijua, na theluji. Wakenya walikuwa wamemtangulia njia hiyo: Douglas Wakiihuri, aliyepata nishani ya fedha katika marathoni ya Olimpiki mwaka 1988, alifunzwa Japani, na Eric Wainaina aliyepata shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000 alikuwa akikimbia huko pia. Wajapani wanapenda sana mbio za kupokezana za barabarani ziitwazo ekiden, ambapo mkimbiaji humpa mwenzake mshipi badala ya kijiti. Shule zao hushindana kwa ukali, na kijana wa kutoka Kenya huletwa ili ashinde. Akishinda anapendwa. Asiposhinda sijui.

Huko alijifunza Kijapani, akajifunza pia neno moja ambalo baadaye alikuwa akilitaja kwa waandishi wa habari: gaman. Maana yake ni kuvumilia, kubana meno na kunyamaza hadi jambo lipite. Babangu hajawahi kufika Japani lakini neno hilo analo, tena kila siku, ila yeye husema mvumilivu hula mbivu.

Alipomaliza shule mwaka 2005 alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, ambaye mwenyewe alipata fedha ya marathoni kule Barcelona mwaka 1992. Mwaka huohuo kijana akalipuka. Mwezi wa Agosti, mjini Brussels, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Mwezi wa Septemba, Rotterdam, akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16. Rekodi hiyo ilikuwa ya Paul Tergat, naye alimpita kwa sekunde moja tu. Umri wake? Miaka 18. Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliinyakua mwanzoni mwa mwaka 2006. Wanjiru akairudisha mwaka 2007, tena mara mbili katika muda wa miezi miwili, ya mwisho ikiwa dakika 58 na sekunde 33. Desemba ya mwaka huo akakimbia marathoni yake ya kwanza, Fukuoka, akashinda. Aprili 2008 akawa wa pili London nyuma ya Martin Lel.

Sasa tufike Beijing. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo kakangu alipokuwa akikaa kila jioni.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Agosti 2008. Mbio zilianza asubuhi huko China, na kwetu Kenya ilikuwa usiku wa manane, saa nane na nusu. Baba wakati huo alikuwa bawabu wa usiku kwenye ghala la mahindi hapa Kitale, na alisikiliza kwa redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kumbuka kwamba mpaka siku hiyo Kenya ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya marathoni ya wanaume katika Olimpiki. Dhahabu za kuruka viunzi na maji tulikuwa nazo kama njugu, lakini hiyo moja ilitukataa.

Kukiwa na joto, wakimbiaji wa marathoni huanza polepole wakitegeana, kila mmoja akingoja mwenziwe achoke. Beijing kulikuwa na joto, na jua lilizidi kupanda. Wanjiru hakungoja mtu. Kilomita 5 za kwanza zilipita chini ya dakika 15, na watu waliojua marathoni wakatikisa vichwa, wakadhani huyu mtoto wa miaka 21 atajimaliza. Mmoja baada ya mwingine wakaachwa. Mwishoni wakabaki Jaouad Gharib wa Moroko, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili, na Deriba Merga wa Ethiopia, kisha nao wakaachwa. Merga alichoka hata shaba akanyang'anywa na mwenzake Tsegaye Kebede ndani ya uwanja. Wanjiru aliingia uwanjani peke yake, akamaliza kwa 2:06:32. Gharib alikuwa nyuma yake kwa sekunde 44. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes wa Ureno, ya tangu mwaka 1984 kule Los Angeles, ilipunguzwa kwa karibu dakika tatu. Baba anasema alipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaamka, halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye bawabu.

Mwaka 2009 Wanjiru alishinda London na Chicago. Fedha zikaja kama mvua ya Aprili. Kuna tuzo ya mbio kubwa za marathoni za dunia, dola 500,000, na yeye aliipata misimu miwili mfululizo. Mtoto aliyekosa karo sasa ana nyumba ya ghorofa mtaa wa Muthaiga, Nyahururu, ana magari, na ana marafiki wengi kuliko nywele za kichwa. Hapa ndipo wasimulizi wengi hupenda kuharakisha wafike kwenye pombe. Wanasema pesa zilimpanda kichwani, wakimaliza hapo wanafunga kitabu.

Mimi sifungi. Mwaka 2010 aliacha mbio za London njiani kwa sababu ya goti. Oktoba akaenda Chicago bila kuwa katika hali yake nzuri, na tumbo likiwa limemsumbua, akakutana tena na Kebede. Kakangu alinionyesha filamu ya mbio hizo kwenye simu mpaka bando ikaisha. Katika kilomita ya mwisho wanapitana, wanapitana tena, Kebede anakata, unasema sasa kwisha, mara Wanjiru anatoka nyuma kama mtu anayefukuzwa na nyuki, anapanda kile kilima cha mwisho na kumwacha. Alishinda kwa 2:06:24. Wengi waliotazama walisema hawajaona umaliziaji kama huo katika marathoni. Hayo yalikuwa mashindano yake ya mwisho kushinda, na ilikuwa imebaki miezi saba tu ya uhai wake.

Desemba 2010 polisi walimkamata nyumbani. Alishtakiwa kutishia kumuua mkewe na kuwa na bunduki ya AK-47 kinyume cha sheria. Alikana. Mkewe baadaye aliondoa malalamiko yake, lakini kesi ya bunduki ilikuwa haijaisha alipofariki. Siandiki haya ili kumtetea. Mimi ni msichana, na mwanamke anayetishiwa nyumbani kwake asiambiwe ati mumewe alikuwa na mawazo mengi. Naandika kwa sababu yalitokea. Januari 2011 akapata ajali ya gari. Kisha ikatangazwa kwamba London mwaka huo hatakimbia. Sababu? Goti.

Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake na kufariki. Alikuwa na miaka 24. Kama alijirusha, au aliteleza, au kuna mkono wa mtu, watu hawajakubaliana: polisi walisema lao, mamake akasema lake, daktari wa serikali aliyempima akatoa mashaka yake. Mazishi yalichelewa karibu mwezi mzima kwa ugomvi wa familia, mpaka Juni. Mimi si hakimu, sitaamua.

Wala si daktari, kwa hivyo siwezi kusema Wanjiru alikuwa na ugonjwa gani wa akili au kwamba alikuwa nao. Ninachokiona ni hiki. Nimesoma magazeti ya zamani ya miezi ile, yale ambayo baba hatupi, na kila mtu anaulizia goti. Goti linaendeleaje, goti litapona lini, goti litamruhusu kwenda Olimpiki ya London 2012? Polisi, mahakama, ajali, pombe, nyumba yenye kelele, yote haya kwa mtu wa miaka 24, na swali ni la goti.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 goti la kakangu liliharibika. Alikuwa shule moja ya bweni upande wa Bungoma, sitaitaja, ambayo ilimchukua bila karo kwa sababu ya miguu yake. Alikimbia mita 10,000, akafika mashindano ya kaunti katika uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, na kwenye mzunguko wa kumi na tisa akaanguka. Muhula uliofuata ile karo aliyosamehewa ikakumbukwa. Akarudishwa nyumbani akatafute pesa, na wakimbiaji wengine wakaletwa.

Alikuja Kitale, akalala. Tukadhani amechoka. Goti lilipona, daktari akasema anaweza kuanza mazoezi kidogo kidogo, yeye akaendelea kulala. Saa sita mchana bado yuko kitandani, amegeukia ukuta. Ugali anaugusa tu. Viatu vyake vya misumari, ambavyo baba alivinunua kwa mkopo, alimpa mtoto wa jirani, na sisi tukamsifu kwa ukarimu! Mjomba alisema ni uvivu. Jirani mmoja akasema amelogwa na watu wa Chwele waliomwonea wivu. Baba akasema neno lake la kuvumilia. Na kila mgeni aliyeingia, hata mchungaji, aliuliza goti.

Agosti ya mwaka huo ilikuwa Olimpiki ya Paris. Tarehe 10 Tamirat Tola wa Ethiopia alishinda marathoni kwa 2:06:26, na rekodi ya Wanjiru iliyokaa miaka 16 ikaenda kwa sekunde sita. Nilikimbia chumbani kumwambia kakangu, nikidhani angalau atakasirika. Hakugeuka. Hapo ndipo niliogopa kwelikweli.

Mama alimpeleka kwa kukhu, karibu na Chwele, ati abadilishe hewa. Hewa haikubadilisha kitu, lakini kukhu alikuwa na miadi ya shinikizo la damu hospitalini na akamlazimisha amsindikize. Muuguzi mmoja pale, badala ya kumpima kukhu akaanza kumtazama kijana aliyekaa kando. Akamuuliza analala vipi usiku. Siyo goti. Akamuuliza kama kuna wakati anafikiri heri asiwepo. Kukhu anasimulia kwamba mvulana huyo, ambaye hakulia hata alipoanguka Kanduyi, alilia mpaka foleni yote ikanyamaza.

Ugonjwa huo kwa Kiswahili unaitwa sonona. Mlezi wetu ndiye aliyenipa neno hilo, wengine husema unyogovu. Siyo huzuni ya kufiwa wala ya kushindwa mtihani, ambayo huja ikaondoka. Hukaa wiki baada ya wiki, huiba usingizi na hamu ya chakula, humfanya mtu aone hafai kitu. Una tiba, ya dawa na ya kuzungumza na mshauri, na haichagui maskini wala mwenye nishani. Michael Phelps wa Marekani, mwogeleaji mwenye dhahabu 23 za Olimpiki, ameeleza wazi kwamba baada ya michezo ya mwaka 2012 alikaa chumbani siku kadhaa akiwa hataki kuishi. Naomi Osaka, mcheza tenisi wa Japani, alijitoa kwenye mashindano ya Ufaransa mwaka 2021 na kusema amekuwa na sonona tangu 2018. Hao walipona au wanaendelea kupambana kwa sababu walisema.

Tena kuna Mjapani mwingine ambaye namfikiria ninapomfikiria Wanjiru kule Sendai. Kokichi Tsuburaya alikuwa askari, akakimbia marathoni ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Abebe Bikila alikuwa ameshamaliza. Tsuburaya akaingia uwanjani akiwa wa pili, nchi nzima ikimtazama, na Basil Heatley wa Uingereza akampita mbele ya watu wake. Shaba ilikuwa nishani kubwa kwa Japani, ila yeye aliiona kama deni, akaahidi dhahabu ya Mexico 1968. Mwili ukakataa, majeraha yakaja. Januari 1968 alijitoa uhai akiwa na miaka 27, akaacha barua ya kuwashukuru jamaa zake kwa vyakula walivyompa na kuwaambia wazazi kwamba amechoka kabisa, hawezi kukimbia tena. Alivumilia vizuri sana. Alivumilia hata mtu asijue.

Kwetu Kenya jambo hili huzungumzwa kwa kunong'ona, na sheria yenyewe ilisaidia kunyamazisha. Aliyejaribu kujiua na akapona alikuwa anashtakiwa kama mhalifu, mpaka Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na katiba. Fikiria mtu katoka kuzimu, anakutana na pingu.

Kakangu bado yuko kwa kukhu. Kila mwezi wanakwenda hospitali pamoja, yeye na kadi yake, kukhu na yake, wanarudi kwa bodaboda moja. Kuna wiki nzuri na kuna wiki mbaya. Baba alienda kumwona mara ya kwanza akauliza goti, mara ya pili akakaa naye tu wakamenya mahindi bila kusema, na nadhani hiyo ilikuwa bora.

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu, nikapita Kiminini na Kamukuywa hadi kwa kukhu, nikiwa na karatasi hizi kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Nilitaka azisome kwanza, aseme kama kuna mahali nimemwaibisha. Alisoma polepole, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni. Sehemu inayomhusu yeye aliipita bila neno. Kisha akarudi nyuma kurasa mbili, akaomba kalamu. Nilikuwa nimeandika kwamba Rotterdam Wanjiru alikimbia dakika 59 na sekunde 26. Akakata ile mbili, akaweka moja juu yake, akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akauliza nimesoma wapi upuuzi huo. Halafu akamuuliza kukhu kama chakula kiko tayari.